Kijiko cha Magadi kwenye Kabichi za Bibi

Bibi yangu wa kijijini Akheri hali kitu wala hanywi kitu kama aliyekileta hajakionja kwanza mbele yake. Ndivyo alivyolelewa. Mwenye pombe anapiga funda la kwanza, mgeni anaangalia kama bado amesimama, ndipo kibuyu kinazunguka. Bibi ni Mlutheri wa siku nyingi na pombe aliacha kabla mama yangu hajazaliwa, lakini kuonja hakuacha. Ukimpelekea soda kutoka mjini, unafungua, unakunywa kidogo, unafuta mdomo wa chupa, unampa. Mimi nimekunywa soda nyingi za Bibi kwa njia hiyo. Nikiwa mdogo nilikuwa naonja mpaka nusu, kwa ajili ya usalama wake.

Mwaka huu nilipelekwa kwake wiki mbili katikati ya muhula. Niko kidato cha tatu, shule moja ya mjini, na nilikuwa nimesimamishwa. Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Nina kipaji cha kuiga sauti za watu. Siku moja baada ya paredi kipaza sauti kiliachwa bila kuzimwa, nikatangaza kwa sauti ya mkuu wa shule kwamba kesho yake kila mwanafunzi abaki nyumbani apumzishe ubongo. Wengi walitii, hata wale ambao huwa hawatii. Barua ya kunisimamisha ilisema nimeonyesha utovu wa nidhamu. Kuhusu ubora wa sauti haikusema kitu.

Mama, ambaye naishi naye Kaloleni kwenye vyumba viwili vya kupanga, aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaanza kupanga nguo zangu kwenye begi.

"Unaenda kwa bibi yako ukalime," alisema. "Na kuna kazi nyingine. Hiyo si ya kuchekea."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Msimu uliopita Bibi alipiga kabichi zake dawa kali ya wadudu, na kinga aliyokuwa nayo ni kanga moja na sala. Jioni akaanza kutokwa jasho na mate, mikono inatetemeka, watu anawaona wawili wawili. Akalazwa zahanati siku mbili. Daktari akamwambia asiiguse tena dawa ile, maana mara ya pili huenda asiamke. Bibi akarudi nyumbani akasema ilikuwa malaria. Na chupa hakuitupa.

"Bibi yako asiishike ile chupa," Mama alisema. "Ukifanikiwa hilo tu, nitaenda na wewe shuleni na nitaongea vizuri."

"Na nisipofanikiwa?"

"Usipofanikiwa hatutakuwa na bibi."

Nilifunga zipu ya begi bila kutania. Hali hiyo hunipata mara chache.

Nilipofika Akheri, Bibi alikuwa anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Karibu, mke mwenzangu." Ndivyo anavyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu: eti mimi na yeye tuliolewa na babu mmoja. Babu alishafariki, lakini sisi bado tunagombania nafasi. "Umefukuzwa?"

"Nimesimamishwa. Wiki mbili tu."

"Wiki mbili ni matuta manane. Weka begi, jembe liko pale."

Matuta manane yalikuwa ya kabichi, chini kidogo ya migomba, pembeni mwa mfereji. Na hazikuwa kabichi za kula. Zilikuwa za Jumapili ya mavuno, ambapo kila nyumba hupeleka kanisani ilichovuna, na baada ya ibada vitu vinanadiwa uwanjani. Bibi amepeleka kabichi miaka yote, anabeba kubwa kuliko zote kichwani yeye mwenyewe. Mwaka jana, kwa sababu ya ile malaria yake, kabichi ziliharibika akapeleka mayai. Aliniambia habari ya yale mayai mara tatu kabla sijamaliza tuta la kwanza.

"Kama mtu asiye na shamba," alisema.

Mavuno yalikuwa Jumapili ile ya kabla sijarudi shuleni. Na kabichi zilikuwa na viwavi, wale wadogo wa kijani ambao ukiwagusa wanajirusha na kuning'inia kwa uzi kama mafundi wa umeme. Baadhi ya majani yalikuwa kama chandarua cha zamani. Kila asubuhi Bibi aliyakagua, halafu akatazama upande wa jikoni, juu, halafu akanitazama mimi. Mimi nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Siku ya tatu kikundi cha kina mama kiliitwa kwenye ukumbi wa kanisa kumsikiliza bwana shamba. Alikuwa kijana wa kutoka Kilimanjaro, amevaa buti safi kuliko inavyofaa kwa kazi yake. Nilikaa nyuma na daftari.

"Huu unga," alisema, ameinua pakiti ndogo, "si kama zile dawa mlizozoea. Hawa ni bakteria wa udongoni. Ndani yao kuna chembe ya protini, ngumu kama punje ya chumvi ya mawe. Kiwavi akila jani lenye unga, chembe inashuka tumboni. Sasa, tumbo letu sisi ni kali kama ndimu. La kiwavi ni kinyume chake, ni kama maji ya magadi. Kwenye magadi hayo chembe inayeyuka, na sumu inatoka."

Mama mmoja aliuliza, "Kuku akimla huyo kiwavi?"

"Kuku hana shida."

"Nyuki?"

"Hana shida."

Bibi, aliyekaa mstari wa mbele, akauliza, "Na mtu?"

"Mtu naye hana shida, Bibi. Sumu yake kwetu haina pa kushika."

"Basi onja."

Bwana shamba alieleza kwamba dawa ya shambani si kitu cha kulamba, hata iwe ya aina gani. Bibi alikubaliana naye, akaendelea kumwangalia. Kwa kuwa kijana alikulia Kilimanjaro, ambako pombe nayo huonjwa na mwenye nyumba kwanza, alijua anaangaliwa vipi. Mwishowe alichukua jani la kabichi alilokuwa amelipiga dawa kwa mfano, akaliosha kwenye ndoo, akalitafuna.

"Umeliosha," Bibi alisema. "Umeonja maji."

Kijana akakata kipande kingine, kisichooshwa, kidogo kama kucha. Akakitafuna huku anamwangalia Bibi kama shahidi anayeapa mahakamani. Kina mama wakasubiri. Kijana hakuanguka. Bibi akanyoosha mkono, akapewa pakiti mbili.

Kisha kijana akatoa maagizo. Kupiga jioni jua likishuka, kwa maji safi, kutochanganya na kitu chochote, na kutumia dawa siku ileile inapokorogwa. Haya nimeyajua baadaye kwa watu wengine. Wakati anayasema, nilikuwa nachora buti zake.

Nyumbani Bibi alinikabidhi pakiti zote mbili.

"Mama yako amepiga simu. Amesema mimi nisishike bomba la dawa. Basi shika wewe, mke mwenzangu, ndiye msomi."

Na msomi akafikiri. Bibi alikuwa ameloweka mahindi ya makande, na kama kila mtu wa huku, kesho yake angetia magadi kwenye chungu ili mahindi yalainike haraka. Nikamwangalia yeye, nikaangalia kopo la magadi, nikaangalia pakiti. Chembe inayeyuka kwenye magadi, kijana kasema. Kiwavi mwenyewe mwembamba kama uzi, magadi aliyonayo tumboni hayajai hata ncha ya sindano, kwa hiyo kuyeyusha kutamchukua siku nzima, na siku nzima hiyo anakula kabichi. Lakini nikimyeyushia mimi, kwenye ndoo, atakuta kila kitu tayari. Kama magadi yanaharakisha makande, kwa nini yasiharakishe kifo? Niliona ajabu kwamba wataalamu hawajawahi kulifikiria hilo.

Nikatia kijiko kimoja cha chakula, kilichojaa. Nikakoroga, nikafunika ndoo, nikaacha ilale mpaka kesho, kama mahindi. Asubuhi nikachelewa kuamka. Nikapiga dawa saa sita mchana, jua likiwa utosini. Nilipiga kwa bidii sana, sikuruka hata jani moja.

Siku ya kwanza viwavi walikula. Siku ya pili walikula. Siku ya tatu walikuwa wamenenepa, na nakumbuka mmoja aliniangalia kwa namna ya kushukuru.

"Unga wa yule kijana wa buti," Bibi alisema, "angeleta mafuta tukaange chapati."

Akatazama jikoni, juu. Safari hii hakunitazama mimi.

Nilichukua simu yake ya kitochi, nikapanda nyuma ya zizi ambako mtandao unakamata, nikapiga namba iliyoandikwa kwenye pakiti.

"Shikamoo, bwana shamba."

"Marahaba. Naongea na nani?"

"Mjukuu wa yule bibi aliyekulisha kabichi."

"Namkumbuka."

"Nina swali la jumla tu. Mtu akitia magadi kwenye ule unga, inakuwaje?"

"Magadi haya ya kupikia?"

"Hayohayo. Kijiko kimoja. Halafu akiloweka mpaka kesho yake."

"Nani kafanya hivyo?"

"Jirani."

"Huyo jirani ana akili?"

"Za wastani."

"Alikuwa anataka nini?"

"Kumsaidia kiwavi kuyeyusha."

Nilimsikia anaweka kikombe chini. Nilitegemea acheke. Hakucheka, akaanza kueleza taratibu, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Ile chembe ngumu ni koti," alisema. "Ndiyo inayoilinda sumu njiani. Ukiiyeyusha kwenye ndoo umeivua koti ikiwa bado nje. Maji ya magadi yanaivunjavunja, jua linaimalizia. Mpaka inafika kwa kiwavi, si sumu tena. Ni protini tu."

"Kwa hiyo jirani amewapa lishe."

"Amewapa uji."

Akaendelea. Hata kiwavi mwenyewe akiyeyusha chembe mahali pake, tumboni, bado kazi haijaisha. Juisi za tumbo lake zinakikata kile kipande, kama fundi anavyopunguza ubao uenee. Kipande kilichokatwa ndicho sumu kamili, nacho hakiui kwa kuelea tu. Lazima kipate mahali pa kushika kwenye ukuta wa utumbo. Ukuta ule una protini zilizochomoza kwa ndani, zinaitwa vipokezi. Kipande kikikutana na kipokezi kinacholingana nacho, kinang'ang'ania. Wenzake nao wanakuja, wanaungana wachache, wanajichomeka pamoja, tundu linatoboka. Matundu yakiwa mengi, ukuta unavimba na kupasuka, na kiwavi anaacha kula. Anakufa siku mbili tatu baadaye, utumbo ukiwa unavuja.

Hapo nilielewa kwa mara ya kwanza, na si kwa sababu ya biolojia. Ni kwa sababu ya ukuta wetu wa Kaloleni. Mpangaji mmoja aligongelea misumari mikubwa kwenye ukuta wa nje ili atundike kamba ya nguo. Mwizi akaja, akakanyaga msumari, akakanyaga wa pili, akaingia, akaondoka na televisheni ya watu. Mwenye nyumba akaitisha kikao na kuuliza nani amemwekea mwizi ngazi. Hakuna aliyemwekea. Misumari ilikuwa ya nguo. Mwizi alipita tu akaona mguu wake unaenea. Nyumba ya jirani ina ukuta mtupu, hakupanda.

Nikamwambia bwana shamba habari ya misumari. Akasema ni hivyohivyo. Kiwavi ana vipokezi vyake kwa shughuli zake mwenyewe, sumu inavikuta tu. Kuku hana misumari hiyo, nyuki hana, Bibi hana.

"Na ikitokea kiwavi akang'oa misumari?" niliuliza.

"Hang'oi. Ila anaweza kuzaliwa mmoja ambaye yake imepinda kidogo. Sumu haipati pa kukanyaga. Wenzake wote wanakufa, yeye anabaki na kuzaa. Ndiyo maana niliwaambia msipige unga huohuo wiki hadi wiki. Nilisema pale ukumbini."

"Nadhani jirani alikuwa anachora."

"Amebaki na pakiti ngapi?"

"Moja."

"Mwambie maji ya mfereji, jioni, basi. Magadi ayaache kwenye makande."

Niliteremka kutoka zizini nikakuta ngazi imeegemezwa kwenye dari la jikoni, lile ambalo mahindi hukaushwa juu ya moshi. Bibi alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda. Mbele yake kulikuwa na bomba la dawa, ndoo ya maji, na chupa ya kahawia ambayo lebo yake imeliwa na moshi. Alikuwa amejifunga kanga puani.

"Bibi, hiyo nini?"

"Dawa. Ile inayoua."

"Mama amesema usiishike."

"Mama yako yuko Kaloleni. Viwavi wako hapa."

Nilifanya ninachojua kufanya. Nikaiga sauti ya daktari wa zahanati, nikamwambia mgonjwa arudi kitandani. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo daktari ana mafua," alisema, akashika kifuniko.

Sikuwa na sauti nyingine, ikabidi nitumie yangu.

"Aliyekuuzia hiyo alionja?"

Mkono ukasimama kwenye kifuniko. "Nani?"

"Aliyekuuzia. Mimi soda unanionjesha. Uji unanionjesha. Yule kijana wa watu umemlisha kabichi mbichi mbele ya kikundi. Hiyo nani aliionja?"

"Hii si ya kunywa."

"Hata unga si wa kunywa."

Bibi alilitafakari. Ni mtu wa haki, hata kwenye mambo yanayomuudhi.

"Niliionja mwenyewe," alisema mwishowe. "Msimu uliopita. Kwa ngozi."

"Ukabaki umesimama?"

Safari hii hakusema malaria.

"Na ule unga umeonjwa, ila hauui," alisema. "Dawa iliyoonjwa isiyoua ni ya nini? Jumapili iko hapo. Mwaka jana nilipeleka mayai."

Jirani yangu wa kwenye simu asingenisaidia tena. Na Bibi alishaanza kuzungusha kifuniko.

"Unga haukukosea, Bibi. Niliutia magadi."

"Ulifanya nini?"

"Niliutia magadi. Kijiko kimoja. Nikaloweka kama makande."

Bibi akashusha kanga puani ili anione vizuri.

"Ya nini?"

"Uive haraka."

Ng'ombe alipiga chafya zizini. Bibi akakaza kifuniko, akaweka chupa chini ya kigoda, nyuma ya miguu yake.

"Nilimzaa mama yako," alisema. "Mama yako akakuzaa wewe. Halafu tukakulipia ada." Akaniangalia tena. "Pakiti ya pili iko wapi?"

Tulikubaliana hivi: atanipa mpaka keshokutwa jioni. Viwavi wakiwa bado wanakula, anapiga mwenyewe, na nisimletee habari za daktari. Nikapiga unga wa pili jua likiwa linaegemea mlima, kwa maji ya mfereji, bila kitu kingine. Muda wote huo Bibi alikaa ukingoni mwa tuta na kopo la magadi mapajani, amelifunika kwa viganja viwili, ili nisilifikie.

Asubuhi viwavi walikuwa hai, wote. Mmoja aliinua kichwa.

"Wazima," Bibi alisema.

"Wazima, lakini hawali."

"Umejuaje?"

Nilikuwa sijui, nilikuwa natumaini. Nikaomba chupa mbili tupu za jamu. Katika ya kwanza nikatia viwavi kutoka tuta letu. Katika ya pili nikatia viwavi kutoka kwa jirani, jirani wa kweli safari hii, ambaye kabichi zake hazikupigwa kitu. Kila chupa nikaiwekea kipande cha jani zima la ndani ya kabichi, ambalo dawa haikulifikia, nikafunga kitambaa, nikaziweka dirishani.

Asubuhi iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya mwisho kwa mujibu wa mkataba wetu. Nilimwita Bibi dirishani. Kwenye chupa ya viwavi wa jirani jani lilikuwa limebaki mishipa. Kwenye chupa yetu jani lilikuwa zima na viwavi wamelala juu yake, wanasogea kidogo ukiitikisa. Nilianza kumweleza habari ya ukuta wa Kaloleni, misumari na mwizi. Bibi hakunisikiliza. Wala viwavi hakuwaangalia. Amefuga ng'ombe maisha yake yote, aliangalia chini ya chupa. Ya jirani ilikuwa imejaa punje ndogo za kijani. Yetu ilikuwa safi.

"Hawa hawajanya," alisema.

"Hawajanya, Bibi."

"Tangu jana?"

"Tangu jana."

Akaigeuza chupa, akaitazama kwa chini, akanirudishia.

"Ng'ombe akikaa siku nzima hajanya, humwiti daktari. Unamwita mchinjaji." Akarudi uani, akainama, akatoa ile chupa ya kahawia chini ya kigoda na kuisukuma kwa ncha ya fimbo mpaka katikati ya uwanja. "Mpigie kijana wa buti. Aje aondoe hii nyumbani kwangu."

Kijana alikuja mchana kwa pikipiki. Alivaa glavu, akaitia chupa kwenye mfuko, mfuko akautia kwenye ndoo yenye mfuniko.

"Hutaionja?" Bibi aliuliza.

"Hapana, Bibi."

"Vizuri."

Alipokuwa anawasha pikipiki alinigeukia. "Jirani yako hajambo?"

"Hajambo."

"Jirani gani?" Bibi aliuliza.

"Yule wa akili za wastani," alisema kijana, akaondoka.

Kesho yake viwavi walikuwa weusi na laini, wananing'inia kwenye majani kama nyuzi zilizoloa. Siku hiyohiyo Bibi alipika makande. Alinipa kijiko cha chakula, kilekile, akaniambia nitie magadi kama nilivyotia kwenye ndoo, yaani kimejaa. Yalipoiva akapakua sahani moja, akaniwekea mbele, akakunja mikono.

"Onja kwanza," alisema.

Yalikuwa laini sana. Yalikuwa na ladha ya sabuni ya kufulia. Bibi akaniuliza kama yameiva haraka. Nikasema ndiyo. Akasema basi nimalize.

Jumapili tuliondoa majani ya nje yaliyotobolewa, tukapata kabichi kumi na mbili za kuonyesha watu. Bibi alibeba kubwa kichwani, mimi nikafuata na kiroba. Mama alikuwa ametoka mjini asubuhi, tukamkuta uwanjani. Alimtazama Bibi kuanzia miguuni mpaka kwenye kabichi, halafu akanitazama mimi.

"Iko wapi?" alininong'oneza.

"Kwa bwana shamba."

Akatikisa kichwa kukubali. Nilijua tunaenda shuleni wote wawili, na kwamba ataongea vizuri.

Baada ya ibada, kabla mnada haujaanza, mama mmoja wa kikundi alikuja akaigeuzageuza kabichi ya Bibi. Wenzake wakamfuata. Kumbe wengi wao pakiti zao walikuwa hawajazifungua. Na nyumba nyingi za huku zina dari juu ya jiko, lenye chupa kama ile.

"Mmetumia ule unga?"

"Uleule," alisema Bibi.

"Nani ameionja hii?"

Bibi akanionyesha kwa kidevu. Nikasema nimeila siku mbili sasa, na chumvi.

"Hatukukuona," yule mama alisema. Akachana kipande cha jani, akanipa.

Walisimama wamenizunguka, wamekunja mikono, hawana haraka. Mama naye akasogea. Nikatia mdomoni, nikatafuna. Na nakiri kwamba nilishaona kila kitu kichwani: nashika tumbo, nageuza macho, napiga goti moja, halafu la pili, taratibu. Ningefanya vizuri sana. Nina kipaji hicho pia.

Bibi alikuwa ananiangalia. Alikuwa anajua ninachofikiria, maana yeye ndiye mke mwenzangu.

Nikameza, nikabaki nimesimama.